Kabla ya joho, mkutano wa kijiji

Barua ya wazi kwa wasimamizi wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika vyuo vya uhandisi Tanzania



Ninayewaandikia ni mhandisi wa maji aliyepita mikononi mwa walimu kama ninyi. Kila hesabu ninayopiga saiti hadi leo ina mkono wa mwalimu ndani yake, na heshima yangu kwenu haijapungua. Nawaandikia kwa sababu ya swali nililoulizwa muda mfupi baada ya kumaliza shahada ya uzamili. Hakuna mtahini aliyewahi kuniuliza swali hilo, wa ndani wala wa nje.

Ilikuwa katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Meru. Maji ya huko, kama ya sehemu nyingi za Bonde la Ufa, hupita kwenye miamba ya volkano na kutoka na floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi niliyoipima ilikuwa imezidi kiwango hicho mara kadhaa. Madhara yake mnayajua: meno ya kahawia ambayo mtu wa Arusha hutambuliwa nayo hata akiwa Dar es Salaam, na kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi, viungo vinavyokakamaa na miguu inayopinda. Tasnifu yangu ilihusu kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, kisha maji hupitishwa humo, na madini ya mfupa hunasa floraidi. Njia hii inafanya kazi. Kituo cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, na Kenya, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru iliifikisha kwenye nyumba za watu.

Nilisimama mbele ya mkutano wa kijiji nikiwa na ndoo ya chujio na karatasi kubwa yenye grafu. Nikaeleza. Watu walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "hiyo mifupa ni ya mnyama gani?"

Nilimjibu kwamba mifupa ikichomwa kwa joto la nyuzi mia kadhaa hakuna nyama wala mafuta yanayobaki, ni madini na kaboni tu. Jibu lilikuwa sahihi, ila halikuwa jibu la swali lake. Kijiji kile kina Waislamu na kina Wasabato, na wote hawagusi nguruwe. Bibi alitaka kusikia neno moja, ng'ombe, tena kutoka kwa mtu anayeweza kulisimamia. Mimi sikuweza kulisimamia. Mifupa niliipokea maabara ikiwa imeshasagwa, na kwa miaka miwili sikuwahi kumuuliza fundi aliyeichoma ameitoa wapi. Mwenyekiti alishukuru, mkutano ukaendelea na habari za mbolea ya ruzuku. Chujio likabaki ofisini kwa mtendaji.

Nimelifikiria sana swali lile, na nadhani lilinipata mahali ambapo masomo yangu yote hayakufika. Katika miaka miwili ya uzamili niliwasilisha kazi yangu mara nyingi: semina za idara, pendekezo la utafiti, utetezi wa mwisho. Kila mara nilizungumza Kiingereza mbele ya watu wanaozijua hesabu zilezile ninazozijua. Nilikuwa nawaeleza walioelewa tayari. Nikadhani najua kueleza.

Kuna jina ambalo siku hizi tumelizoea, stadi laini. Kusema mbele ya watu, kusikiliza, kuandika, kuongoza kikao, kupanga bajeti, kupatanisha mafundi waliogombana, vyote hutupwa kwenye kapu hilo moja, kana kwamba ni vitu vya kumalizia kazi iliyokwisha. Silipendi jina hilo. Chukueni chujio langu hilohilo. Mkaa wa mifupa huchoka. Baada ya muda, kutegemea floraidi iliyomo na ndoo zinazochujwa kwa siku, hauwezi kunasa tena, na maji yanayotoka hapo hayana rangi wala harufu ya kumtahadharisha mtu. Lazima awepo mtu wa kupima. Lazima awepo wa kubadilisha mkaa, na fedha ya mkaa mpya iwe imekusanywa kabla ule wa zamani haujachoka. Anayeikusanya awe mtu ambaye majirani wanamwamini na daftari lake. Hapo ndipo chujio linapofaulu au kufa, na tasnifu yangu ya kurasa mia na zaidi haikuwa na mtu hata mmoja ndani yake.

Nchi yetu ililipa gharama kubwa kujifunza jambo hili. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji ndani ya mita 400 kutoka kwa kila kaya ya kijijini ifikapo 1991. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, wafadhili wakagawana mikoa. Mwaka 1991 ulipofika lengo halikuwa limefikiwa, na miradi mingi iliyokwisha kujengwa ilikuwa imesimama. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo fedha, vipuri na dizeli. Lakini mojawapo ilikuwa kwamba mradi ulihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mwanakijiji alikuwa mpokeaji tu. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ikageuza mambo: wananchi washirikishwe tangu mwanzo, wachangie, wamiliki, waendeshe. Leo RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, inafanya kazi bega kwa bega na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Vyombo hivyo vina mwenyekiti, vina mhasibu, vina mapato na matumizi yanayosomwa mbele ya watu. Mhandisi asiyeweza kukaa na mhasibu wa chombo hicho akamwonyesha kwa nini bei ya ndoo ikishuka sana pampu haitatengenezwa mwakani, huyo hajamaliza kusanifu mradi wake.

Sasa niseme kuhusu lugha, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Tunasoma uhandisi kwa Kiingereza na kuufanyia kazi kwa Kiswahili. Mkataba utakuwa wa Kiingereza, michoro pia, lakini saiti yote inazungumza Kiswahili, kuanzia kibarua, fundi mchundo na fundi sanifu hadi diwani na mama anayesubiri foleni ya maji. Kazi ya kusanifisha istilahi ilifanyika, na tuwashukuru waliojitoa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na humo mna maneno ya kutosha kuanzia. Lakini mwanafunzi wa uzamili hafundishwi kuyatumia, na akiyatumia peke yake kijijini bado hatafika mbali. Mimi nilifundishwa na fundi mmoja wa mabomba. Nilikuwa nikisema kanieneo imeshuka, yeye akasema maji hayana nguvu. Nilipotaka kueleza hewa iliyonaswa kwenye mwinuko wa bomba, alinitangulia: bomba limeshika upepo, tufungue pale juu. Katika maneno yale mlikuwa na uchunguzi wote. Alijua dalili, alijua chanzo, alijua mahali pa kufungua. Tangu siku hiyo, kabla sijaenda kwenye mkutano wowote, hueleza kazi yangu kwanza kwa fundi, na neno atakalolirudia yeye kwa njia yake ndilo ninaloenda nalo. Sijui mwanafunzi angeupata wapi ujuzi huo akiwa maabara peke yake.

Upande wa kuandika hauna nafuu. Serikalini kazi huenda kwa dokezo, na dokezo zuri ni ukurasa mmoja au mmoja na nusu. Nimesoma madokezo ya wahandisi wenye shahada mbili yanayoanza na historia ya mradi tangu upembuzi yakinifu, yakapitia mbinu, yakapitia matokeo, na ombi lenyewe likajificha kwenye aya ya mwisho. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuandika tasnifu. Mkurugenzi wa halmashauri ana mafaili mezani yaliyorundikana, naye huenda kasomea sheria au ualimu. Anahitaji kuona kwenye mstari wa kwanza: unaomba nini, kiasi gani, na isipotolewa kitatokea nini na lini. Mwanafunzi anayejua kuandika hivyo ataokoa maji ya watu wengi.

Kuna mhandisi Mmarekani ambaye kila mwanafunzi wenu angefaa kumjua, Roger Boisjoly, wa kampuni iliyotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger. Tarehe 31 Julai 1985 aliwaandikia wakubwa wake barua ya ndani kuhusu pete za mpira zilizokuwa zikiliwa na gesi ya moto kwenye maungio ya roketi, akaeleza wazi kwamba watu wanaweza kufa. Usiku wa 27 Januari 1986 yeye na wenzake walisisitiza kwa simu kwamba chombo kisirushwe kwenye baridi ile. Uongozi wa kampuni yao ukageuza msimamo, na kesho yake watu saba wakafa. Simtaji kama mtu aliyeshindwa, maana alitimiza wajibu wake. Namtaja kwa sababu wengi wetu tungefika usiku kama ule bila barua iliyotangulia, na bila hata mazoezi ya kumwambia mkubwa hapana kwa sauti isiyotetemeka. Barua yake ilibaki, na tume ya uchunguzi ikaisoma. Wahandisi wa Tanzania hula kiapo kwenye Siku ya Wahandisi. Kiapo kile kitawadai siku moja kwenye kikao, mbele ya mshitiri mwenye haraka na mkandarasi anayesema zege limeshakauka, na siku hiyo hakuna fomula itakayowasemea.

Profesa mmoja niliyemweleza haya alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza maswali mawili ya haki: muda utoke wapi, na nani atalipia? Anasimamia wanafunzi wengi, na kupandishwa kwake cheo kunategemea machapisho. Sina haki ya kumdharau kwa hilo. Lakini wengine walishakaa wakayajibu. Uingereza, ripoti ya Sir Gareth Roberts ya Aprili 2002 iliona kwamba wanafunzi wa uzamivu wa sayansi na uhandisi wanahitimu bila ujuzi ambao waajiri wanautafuta, ikapendekeza angalau wiki mbili kila mwaka za mafunzo ya ujuzi huo, na serikali ikatenga fedha. Sisi hatuna fedha hizo. Lakini sidhani kwamba fedha ndiyo dawa. Nimehudhuria semina za siku moja za mawasiliano zenye chai, cheti na picha ya pamoja, na sikumbuki zilichonifundisha. Mtu hujifunza kuongoza kikao akiwa na kikao cha kuongoza. Hujifunza bajeti pale fedha ya utafiti wake mwenyewe inapopita mikononi mwake, akazidisha ya mafuta ya gari na kupunguza ya kemikali, akaona matokeo. Mwacheni ashike bajeti hiyo. Mpeni vijana wa mwaka wa tatu awasimamie kwenye mradi, agombane nao, wapatane. Mwambieni aandike muhtasari wa kikao cha kikundi chenu cha utafiti, na msome alichoandika.

Tena, mbegu ya jambo hili tunayo wenyewe. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973, mafunzo kwa vitendo (PT) nje ya chuo yaliwekwa kuwa sehemu ya shahada. Hadi leo kijana wa shahada ya kwanza huenda PT, akarudi na mafuta kwenye nguo na maneno mapya mdomoni. Akihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu, ulioanza 2003, wa kumweka chini ya mhandisi mzoefu. Anayeunganisha moja kwa moja kwenda uzamili ndiye tunayemfungia ndani, na huyohuyo ndiye tutakayemtegemea kesho kufundisha wengine na kushauri wizara. Nawaombeni mumpe naye PT yake. Wiki chache kwenye ofisi ya RUWASA ya wilaya, kwenye karakana, au kwa mhandisi mshauri, akiwa na kazi ya kweli ya kufanya.

Wapo waliotuonyesha njia. Dkt. Askwar Hilonga alizaliwa Gongali, Karatu, akasomea uzamivu Korea Kusini kwenye teknolojia ya nano, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha. Mwaka 2015 chujio lake lilimpa tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wengi husifia nano. Mimi ninachokisifu zaidi ni kwamba chujio lile lilifikishwa kwa watu kupitia vituo vya maji vinavyoendeshwa na wajasiriamali wa mitaani, watu wenye sababu ya kila siku ya kulitunza. Alifikiria nani atakayesimama kando ya chujio asubuhi, na kwa nini asimame.

Ninalo ombi mahususi, walimu wangu. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 shindano la mwanafunzi kueleza tasnifu yake kwa dakika tatu na slaidi moja. Wazo lilitokana na ukame: watu wa huko walikuwa wakiweka bafuni saa ndogo ya dakika tatu ili wasimalize maji kwa kuoga. Shindano hilo limeenea duniani, nami nalipenda. Lakini kwetu dakika tatu za Kiingereza mbele ya wasomi hazitatosha. Nataka kila mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi, kabla ya kutetea tasnifu, aieleze kwa Kiswahili mbele ya watu watakaoishi na kazi yake. Kama ni maji, mkutano wa kijiji. Kama ni barabara, madereva wa daladala na wachuuzi wa kando ya barabara ile. Kama ni umeme, mafundi wa mtaani wanaorudisha nyaya usiku. Asiende na slaidi. Nusu ya muda iwe ya maswali, na maswali yote yaandikwe kama yalivyoulizwa, kwa maneno ya waulizaji, yaingie kwenye tasnifu pamoja na majibu. Lisilojibika liandikwe kwamba halijajibika. Ndipo watahini waulize juu ya hayo, na alama zitoke humo.

Na ninyi mwende naye. Hili naliomba kuliko yote. Mkae nyuma, kwenye benchi, msimsaidie kujibu.

Kwa upande wangu, nilirudi kijijini kwa yule bibi baada ya miezi kadhaa. Nilikwenda na fundi aliyechoma mifupa, na tulikuwa tumepitia kwanza machinjio inakotoka. Fundi ndiye aliyesema. Akaeleza ni ya ng'ombe, imetoka machinjio gani, na anayetaka kuja kuangalia aje siku yoyote ya kuchinja. Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali la pili, mkaa ukichoka ni shilingi ngapi, na safari hii nilikuwa na jibu.

Mwaka mpya wa masomo ukianza, kuna mwanafunzi atakayewaletea rasimu ya pendekezo la utafiti. Kabla hamjasaini, muulizeni atakwenda kuieleza wapi, na nani atakuwa amekaa mbele.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa maji, Arusha